Shali la Afande Okwir

Mtu akiniambia mwanaume hafumi, mimi namtazama tu. Namwambia twende Namuwongo, kule chini karibu na reli, nimwonyeshe mlango wa Afande Okwir, halafu aniambie tena. Tulikaa ukuta kwa ukuta naye miaka mingi. Kikohozi chake nilikijua kuliko cha mume wangu.

Alikuwa polisi mstaafu, mtu wa Lira, mrefu na mkavu. Usiku alilinda duka moja kule Ntinda, asubuhi alirudi kwa miguu akalala. Mchana jua likianza kulainika alitoa kigoda nje, akachukua spoku mbili za baiskeli alizozinoa kwenye saruji, akaanza kufuma. Uso ule uliozoea kusimamisha watu barabarani, na mikononi soksi ya mtoto! Siku ya kwanza kumwona nilicheka mpaka nikatua beseni chini.

"Afande," nikamwambia, "hiyo kazi umepewa na nani? Mama Amito amekutia adabu?"

"Mama Sifuna," akanijibu bila kuinua macho, "wewe pita na maji yako."

Kufuma alifundishwa ujanani, alipolazwa na kifua kikuu katika hospitali ya misheni huko kwao. Kulikuwa na Sista mmoja Mwitaliano aliyewagawia wagonjwa spoku na nyuzi, wasishinde kutwa wakisikilizana wanavyokohoa. Wenzake walipopona waliacha. Yeye hakuacha, hata kwenye kambi za polisi alifuma, wenzake wakimcheka kama nilivyomcheka mimi. Aliniambia akishafuma kidogo, kichwa hutoka polepole kikaenda kutembea, mikono ikabaki kulinda nyumba. Nilimwamini, kwa sababu nilimwona. Macho yake nusu wazi, treni ya mizigo inapita inatikisa sufuria zetu zote, na yeye hana habari.

Miaka yote hiyo alifumia nailoni, nyuzi zile za madukani zenye rangi za kupiga kelele. Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa, ile watu waliyoiita El Nino, na Amito, binti yake wa pekee, akarudi nyumbani na mimba. Mumewe naye ni polisi, alikuwa amepelekwa Arua. Haikupita wiki, Afande akanifuata sokoni Nakawa ninakouza mitumba. Hakuwahi kukanyaga pale. Akasimama mbele ya masweta yangu kama anayekagua gwaride.

"Nataka ile ya kondoo," akasema. "Kondoo kweli, si nailoni. Iko moja wanaita merino. Laini, haiwashi mtoto."

"Afande, mtoto wa Kampala na sufu ya kondoo wapi na wapi? Unataka kumchemsha?"

"Ile ikilowa maji, bado iko na joto. Sista alituambia. Kondoo yao inasimama kwa mvua siku mzima na haikufi."

Mdomo wangu huu hauna breki, lakini nilitazama mikono yake. Alikuwa amekamata ukingo wa meza kwa nguvu, na sikuwahi kumwona akikamata kitu hivyo.

Habari yenyewe nilipewa na Amito, tukiosha vyombo. Vita vilipowafukuza Kampala mwaka themanini na sita, walikimbilia kaskazini, na mama yake, Filda, akajifungua njiani, kando ya ziwa Kyoga. Mtoto wa kiume. Amito alikuwa na miaka kumi, alimwona. Wakavuka alfajiri kwa mtumbwi, katikati ya mafunjo, upepo mkali, na mtumbwi ukaingiza maji. Mtoto alikuwa amefunikwa shuka la pamba. Pamba ikilowa unaijua, inakunyonya joto lote ulilo nalo. Walipofika ng'ambo hakuwa hai tena, na hakuwa amepewa jina. Tangu siku ile, Amito akaniambia, baba na mama hawajawahi kumtaja. Walirudi Kampala, baba akarudi kazini, maisha yakaendelea. Ila Filda aliweka sheria moja: katika nyumba yake hakuna nguo ya mtoto itakayoandaliwa kabla mtoto hajalia.

Ndipo nikaelewa mzee anatafuta nini. Alitaka mjukuu azaliwe akute kitu ambacho maji hayakiwezi.

Basi nikaanza kupekua marobota, wenzangu sokoni wakiniuliza nimeangusha pete au vipi. Nikalipata chini kabisa ya robota moja: sweta la mwanaume mnene, rangi ya wingu la mvua, viwiko vimeliwa na nondo, na ndani ya shingo kijitambaa kimeandikwa lile neno. Afande akachomoa uzi mmoja, akauwasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukazimika wenyewe, ukanuka nywele zilizoungua. Nailoni ingeyeyuka. "Ni yenyewe," akasema, na mimi nikaona meno yake yote kwa mara ya kwanza.

Kulifumua ndiko nilikokupenda. Nilikaa mbele yake mikono nimeinyoosha, yeye akivuta, uzi ukinizunguka viganjani. Ulitoka na mawimbi, umekataa kusahau umbo lake la zamani. Mvua ilikuwa nyepesi, inagonga bati kama mtu anayechambua mchele. Nikaanza kumwona yule mwenye sweta, mtu mzima wa nchi ya mbali, anatembea kwenye majani marefu na kondoo wake, tumbo mbele, hajui kwamba mgongo wake unafumuliwa Namuwongo na polisi wa Lira. Nikataka kumpungia mkono. Nikashtuka Afande ananiambia, "Mama Sifuna, unalala na uzi yangu." Na kweli nilikuwa nimelala nimeketi, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa.

Uzi aliuosha kwa maji ya vuguvugu, akautundika na jiwe chini unyooke, kisha akaanza shali la mtoto. Usidhani mambo yakawa mteremko. Sufu ile ni nyembamba, ina maringo. Spoku zilikuwa zinaikwaruza akazinoa upya. Vitanzi vikamponyoka, akafumua alichofuma siku tatu bila hata kuguna. Na kila mahali nondo alipokuwa amepitisha jino, uzi ulikatika. Hakufunga fundo, alisema fundo litamchoma mtoto. Alizitemea mate ncha mbili, akazisugua viganjani haraka haraka mpaka zikapata joto, na zikaungana.

"Angalia," akanionyesha. "Ikipata maji na joto na kusuguliwa, inashikana. Haiachani tena."

Hayo aliniambia mimi. Filda hakuambiwa, kwa sababu Filda alikuwa akipita pale mlangoni na sinia lake la mchele ametazama upande wa reli, kana kwamba mumewe na lile shali hawapo. Nilitamani kumshika bega. Lakini uchungu kama ule, jirani unauingilia kwa mlango gani?

Shali likaisha. Nililishika nikalibandika shavuni, nikahisi nimelazwa mahali penye giza na amani, kama vile kabla ya kuzaliwa. Afande akalikunja, akaliweka juu ya kiti ndani, hakusema la nani. Akaenda kazini.

Kesho yake nikarudi kutoka sokoni jioni nikakuta nyumba yao imenyamaza vibaya. Filda amekaa sakafuni, mbele yake pasi ya mkaa na kitu cha kijivu kama kipande cha zulia. Kumbe lile shali lilikuwa limemla moyo usiku kucha. Asubuhi akaamua: mtoto huyu atavaa, na atavaa kwa usalama. Na hapa kwetu usalama wa nguo ya mtoto unaujua. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, mtoto akivishwa anaota majipu yenye funza. Kwa hiyo kila mama mwenye akili anachemsha, anafikicha, anaanika, halafu anapiga pasi ya moto mpaka kwenye mishono. Filda alifanya yote, kwa mapenzi yake yote, kwa sabuni na maji yanayotokota. Shali likasinyaa likawa gumu, dogo, ungeweza kufutia miguu.

Afande alisimama analitazama. Nilingoja apige kelele. Afadhali angepiga.

"Nilitaka asipate hata jipu moja," Filda akasema.

"Hukuniuliza."

"Wewe uliniambia nini, Baba Amito? Tangu lini wewe unaniambia kitu?"

Akachukua kofia yake akaenda kazini mapema. Siku zilizofuata walizungukana mle ndani kama wapangaji wasioelewana. Spoku zilikaa juu ya kabati. Mchana kigoda hakikutoka, na mtaa mzima ukawa kama saa iliyosimama. Mimi nilikasirika, nakwambia kweli. Niliwakasirikia wote wawili, na nondo, na yule nzi.

Nikarudi kwenye marobota. Safari hii nikapata sweta la mama mmoja mwembamba, jeupe la kufifia, limeandikwa merino, lakini lilikuwa dogo. Nikampelekea, nikamwekea magotini. "Afande, Amito hatawangoja mnuniane mpaka mmalize," nikasema. Alilishika muda mrefu, akatafuta mwanzo wa uzi. Alifuma mchana, akafuma mvua ikinyesha, akasahau kula. Kila asubuhi kabla ya kulala alilitia kwenye mfuko wa plastiki na spoku zake na donge lake, akautundika kwenye msumari ukutani, juu, mbali na sufuria ya Filda.

Shali lilikuwa limefika nusu, mvua ile yenyewe ilipokuja. Ilianza alfajiri, na kulipokucha mtaro wa reli ulikuwa umeshindwa, maji yakaingia vyumbani bila hodi. Tulipandisha kitanda juu ya matofali. Na Amito naye, mwezi haujatimia, akashika kiuno akasema, "Mama, tayari." Barabara ilikuwa mto. Afande hajarudi. Tulikuwa mimi na Filda, maji yakitufika kwenye vifundo vya miguu.

Mtoto alitoka kabla ya saa ya chai, msichana, mdogo kama mkate. Alilia sauti ya paka. Nikageuka kuchukua leso nilizoleta, nikakuta beseni limepinduka, zote zinaelea. Nikafungua sanduku, maji yameingia. Shuka la kitandani limelowa. Filda akanitazama, na macho yale sijawahi kuyasahau, kwa sababu hayakuwa Namuwongo. Yalikuwa kule kwenye mtumbwi.

Halafu akanyoosha mkono, akaushusha ule mfuko kutoka msumarini. Yeye mwenyewe, aliyeweka ile sheria. Mtoto alikuwa ameshalia. Akatoa ile nusu ya shali, spoku ziko bado ndani yake, akamzungushia mtoto kifuani pa Amito, ncha ile yenye spoku akaiacha nje. Bati likaanza kuvuja palepale juu yao. Hatukuwa na pa kusogea. Nilitandaza mikono yangu juu, lakini maji yalipita kwenye vidole yakalilowesha shali.

Ndivyo Afande alivyotukuta, amelowa mpaka kofia, amesimama mlangoni ndani ya maji na haingii.

"Okwir," Filda akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita jina. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili cha kambini, na ndicho alichokitumia. "Kuja uguse."

Akaja. Filda akamshika mkono, akaupitisha chini ya shali, mgongoni kwa mtoto.

"Juu iko maji," akamwambia. "Ndani iko moto."

Afande akauacha mkono palepale.

"Ule mwingine alikuwa baridi," Filda akasema. "Mimi nilijua tangu katikati ya ziwa. Nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa unapiga kasia kwa nguvu sana."

"Nilijua," akasema Afande. "Nilikuona unavyomfunika uso. Nikapiga kasia tu."

Wakalia, wote wawili, na Amito akalia, na mimi ambaye si wa ukoo nikalia kuliko wao. Kisha Afande akavua koti, akapanda kitandani, akaketi miguuni pa binti yake. Akachukua zile spoku mbili. Mtoto amelala ndani ya nusu ya shali, na babu yake anaendelea kufuma nusu ya pili. Filda akashika donge la uzi mapajani lisianguke majini, akimpa uzi kidogo kidogo. Nje mvua inanyesha, na nyumba ile ilikuwa kama inaelea, inatuchukua polepole mahali tusipopajua, wala sikuogopa.

"Usivute," Filda alimwambia mara moja.

"Sivuti."

Yule mtoto walimwita Akot, maana yake wa mvua, na sasa ni mwanamke mrefu kama babu yake. Shali analo. Ukilipitisha mkononi utaona linaanza na vitanzi vilivyokazwa sawasawa, vya mtu anayejua kazi. Halafu katikati, kwenye mstari uleule, vitanzi vinalegea ghafla, vinakuwa vipana, mpaka mwisho kabisa. Watu wa sokoni waliniambia hapo fundi alichoka. Hakuchoka. Mtoto alikuwa amelala upande wa pili wa uzi.