Boneti Kati Yangu na Baba Mkwe

Asubuhi ile baba mkwe aliwasha gari lake uani, nyumbani kwake juu ya Magwagwa, nalo likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Mama mkwe alikuwa keshaketi kiti cha nyuma, amejitanda leso mpya, akingoja kupelekwa Kisii kupasuliwa jicho. Siku hiyo aliisubiri kwa miezi. Mimi ni fundi wa magari. Nilikuwa nimelala pale ili nimsindikize, na fundi mwingine karibu hakuwepo.

Sasa, kwetu Gusii, omokamwana, yaani mke wa mwana, ana chinsoni na baba mkwe. Ni heshima na aibu kwa pamoja. Hatushikani mikono. Kiti alichokalia yeye sikikalii mbele ya macho yake. Basi yeye akabaki kwenye usukani, nami nikainua boneti na kujificha nyuma yake, suruali yangu ya kazi nimeifunika kwa leso. Nililishukuru bati lile.

"Mzee, naomba ukanyage mafuta kidogo," nikasema. Kule gereji ningesema "kanyaga" na basi. Hapa kila neno lilinitoa jasho.

Injini ilikohoa. Alipoacha mafuta ili itulie, ikasuasua, ikataka kuzima. Ilikuwa inamisi: silinda moja haichomi. Nikaanza kuchomoa waya za koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, injini ikazidi kulegea, kwa hiyo silinda hiyo ilikuwa nzima. Ya pili vilevile. Ya tatu, hakuna kilichobadilika. Nikajua ugonjwa uko hapo.

Nikamwomba azime. Nikafungua koili, nikamulika tundu la plagi. Lilikuwa limejaa maji, hata plagi yenyewe haionekani.

Kazi ikininogea mimi husahau nilipo. Mdomo wa gereji ukafunguka wenyewe.

"Ni mjinga gani huyu ameosha injini na maji?"

Mama mkwe akajibu kutoka kiti cha nyuma, polepole.

"Ni mzee mwenyewe ameosha, jana. Alisema omokamwana anakuja na yeye ni fundi, asikute uchafu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee wa umri ule ameinamia injini na ndoo ya maji kwa ajili yangu, nami namwita mjinga, mbele ya mkewe, mchana kweupe. Masikio yaliniwaka moto. Nikanyonya maji yale kwa kitambaa, nikafungua plagi, nikaipangusa, nikarudisha kila kitu, na muda wote huo sikuthubutu kukohoa.

"Washa, Mzee." Sauti ilinitoka nyembamba.

Injini ikawaka, ikatulia, ikanguruma sawasawa.

Kazi ilikuwa imekwisha na mama alikuwa anachelewa hospitalini. Lakini mimi bado nilikuwa nimeishika boneti kwa mikono miwili, maana nikiishusha tu, tutatazamana. Sikuwa na uso wa kumtazamia. Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani.

"Funga tu, omokamwana," akasema mzee kutoka upande wa pili. "Nimefumba macho."

Nikaishusha. Alikuwa amefumba kweli, mikono yote miwili kwenye usukani.