Macho Mekundu ya Shangazi Kadzo

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya matanga pale Sabaki. Nilikuwa kijana bado. Usinicheke: nilikuwa na miaka hamsini, lakini akili ya miaka kumi. Ndiyo kwanza nimepata cheti cha shule ya usiku, natembea kifua mbele kama niliyemeza maktaba nzima.

Shangazi yangu Kadzo alikuja kutoa pole. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mara mbili kwa wiki alikwenda Malindi kwa bodaboda kuoshwa damu kwa mashine. Macho yake yalikuwa mekundu, makavu, na pembeni mwa mboni yana vidoa vyeupe kama chokaa. Kila akipepesa alikunja uso, kama aliyeingiwa na mchanga. Nami, mchekeshaji wa benchi la wanaume, nikapaza sauti:

"Jamani, macho gani hayo! Akiutazama mnazi, madafu yanaanguka yamekwisha chemka!"

Benchi zima likaangua kicheko. Ila Kazungu, baba wa mtoto tuliyemzika, hakucheka.

"Hata wewe wa damu yake umeyaona?" akaniuliza. "Basi mimi sina la zaidi."

Unajua kwetu Kilifi mzee mwenye macho mekundu huitwaje. Mchawi. Wapo waliokatwa mapanga kwa hilo. Nilijua, mwanangu. Ningesimama niseme ni mzaha, mama huyu anaumwa. Lakini kicheko kilikuwa bado kitamu masikioni, nikanyamaza.

Kesho yake mzaha wangu ulikuwa umegeuka ushahidi. Vijana wakamwonya Shangazi asionekane barabarani. Mwenye bodaboda akakataa kumbeba. Nami nikajifungia kwangu, nikijiambia watasahau. Siku ya mashine ikapita, na ya pili ikapita. Nilipokwenda hatimaye kumtazama, miguu imevimba, pumzi inamkatika. Ndipo nikatafuta gari.

Hospitalini, walipokwisha kumwekea hewa, nilimuuliza muuguzi habari ya yale macho.

"Figo zikishindwa, mzee, chumvi za mwili hukosa pa kutokea," alisema. "Nyingine hutuama juu ya jicho, likawasha, likawa jekundu. Machozi nayo hupungua. Wagonjwa wetu wengi wanayo hayo, na matone ya kuyatuliza yapo."

Maelezo yenyewe hayakuzidi muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Shangazi alikuwa akitusikia. "Wewe si ndiwe msomi wetu?" akasema polepole. "Mbona hukuniuliza mimi?"

Alifariki kabla ya adhuhuri. Mazishini tulikuwa wachache, na kati ya hao wawili walikuja kuhakikisha amezikwa kweli.

Basi nasaha yangu ni hii, na safari hii sizidishi neno. Ukimwona mgonjwa wa figo macho yamewaka, muulize yanamuumaje, kisha mpeleke akatazamwe. Ukisikia mtu anaitwa mchawi kwa macho yake, sema ni ugonjwa, pale pale mbele za watu, hata wakikugeuzia wewe. Na ikiwa ni wewe uliyelitoa neno baya, lirudishe kabla hujainuka ulipoketi. Mimi nililirudisha kaburini, na halikumsaidia mtu.

Mungu akupe macho mazima hadi uzeeni, mwanangu. Na yakija kuwa mekundu, akuzungushie watu watakaokuuliza yanakuuma wapi.