Ng'ombe Saba wa Bibi

Ndugu yangu, mwaka huu nilirudi Kibondo na kamera, nitengeneze filamu kuhusu watu waliovuka mpaka. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta nilimkuta mama mmoja Mrundi akisuka maziwa kwenye dumu la plastiki, apate siagi. Kalilaza mapajani, analitikisa, chubwi, chubwi. Basi kimawazo nikarudi kijijini Murungu, mtoto wa miaka saba, jikoni kwa bibi.

Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena mkorofi. Lakini alipokaa na kibuyu chake cha kusukia, moshi wa kuni ukituchoma macho, aliita majina saba, taratibu, jina moja kwa kila mtikiso. La kwanza Bihogo. La mwisho Gaju, na Gaju ni mimi! Jina alinipa yeye mwenyewe. Wenzangu walinicheka hadi kisimani: "Gaju, leo umeshakamuliwa?" Iliniuma sana. Nikimuuliza bibi kwa nini ananitia zizini, ananipaka siagi puani, basi. Na mwalimu alipotutuma tuulize asili zetu, bibi alijibu kwa mkato, "Mwambie sisi ni wa hapahapa." Nikaamini. Siagi ile juu ya maharage ya moto, we acha tu!

Sasa yule mama wa Nduta naye akaanza kuita majina. Mengine kabisa, manne tu, lakini mwendo uleule. Nikaweka kamera chini.

"Mama, unawaita akina nani?"

"Ng'ombe wetu, mwanangu. Tulikimbia, wakabaki ng'ambo. Sisi tuliokimbia, tukisuka tunawaita, wasidhani tumewasahau."

"Na huyo wa mwisho?"

Dumu likatulia. "Ndama. Alikuwa hajaweza kutembea."

Yesu wangu! Nimekuja na kamera kuwatafuta wahamiaji, kumbe mhamiaji ndiye aliyenibeba mgongoni. Bibi alivuka mpaka uleule, akaufungia mdomo maisha yake yote, isipokuwa pale jikoni, mbele yetu, kila siku. Hadi leo nikiwaza nashika kichwa.

Kibuyu kilipasuka zamani. Bibi tulimzika Murungu, na siagi nanunua dukani, haina hata harufu ya moshi. Kila jioni alipofika kwenye jina la mwisho, nilinung'unika, lakini nilikimbia na kikombe changu nipewe mtindi. Alikuwa akimwita yule aliyebaki ng'ambo, na mimi ndiye niliyeitika.