Mwavuli Ulioenda Chooni Mara Kumi na Nne

Wakonyo wa mtaa wa Landless ana mdomo, na wala hakatai. Familia yoyote ya upande ule ikiwa na ruracio, yaani mazungumzo ya mahari, yeye ndiye anayetafutwa awe msemaji wa akina mama, kwa sababu hakuna anayejua kulizunguka jambo kama yeye. Mtu haingii kwa watu akasema tumekuja kuoa. Wakonyo huanza na habari za mvua, akaulizia afya ya ng'ombe, akasema kuna kondoo wao aliyepotea na nyayo zake zimeonekana zikielekea boma hili, na saa mbili baadaye ndipo msichana hutajwa. Aliwahi kumsifu bwana harusi asiye na kazi mpaka wazazi wa msichana wakaona haya kuuliza anafanya kazi gani.

Kipaji hicho ndicho kilichomtia matatani kiwandani.

Maana siku za kazi Wakonyo ni mchambuzi wa makadamia katika kiwanda kimoja cha Thika. Njugu zikishabanguliwa hupita juu ya mkanda, na akina mama arobaini husimama huku na huku wakiondoa zilizooza, zilizovunjika na vipande vya maganda. Ni kazi ya macho na vidole. Mdomo hauna shughuli pale, na pengine ndiyo sababu jioni akifika nyumbani majirani hupata habari zote kwa mkupuo mmoja.

Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka minne, na miaka yote hiyo alikuwa bado mgeni. Kila baada ya miezi mitatu alitia sahihi kandarasi mpya, akawa mfanyakazi mpya, na likizo ya ugonjwa ikabaki kuwa kitu cha wale walioandikwa kabisa. Kuandikwa kabisa ndiyo ilikuwa sala yake. Aliiomba Jumapili kanisani, akairudia Jumatatu akiwa amesimama kwenye mkanda.

Sasa, kulikuwa na jambo la kibao. Kila mkanda ulikuwa na kibao kimoja cha mti, urefu wa mwiko wa ugali, kikining'inia kwenye msumari wa nguzo. Anayetaka kwenda haja alikichukua, akapita nacho mbele ya Odhiambo, askari wa mlangoni, akaenda, akarudi, akakitundika. Ukipita mikono mitupu Odhiambo aliandika jina lako, na ukiandikwa mara mbili ulirudishwa nyumbani siku hiyo. Kibao kimoja, wanawake arobaini. Aliyebuni utaratibu huo alikuwa mwanamume mwenye choo karibu na meza yake, na hilo halihitaji uchunguzi.

Akina mama walijitafutia dawa: waliacha kunywa maji. Uji asubuhi, nusu kikombe, basi. Wakonyo akaanza kupata homa na maumivu ya kiuno, akaenda kliniki, na daktari kijana akamwambia figo zake zinalalamika, anywe lita mbili kwa siku.

"Nikikunywa, nitaenda wapi?" Wakonyo akamuuliza.

Daktari akacheka. Alidhani ni mzaha.

Lakini msidhani kiwanda hakikuwa na maadili. Yalikuwepo, tena kwenye fremu ya dhahabu, kwamba kampuni inaheshimu haki na utu wa kila binadamu. Yalitundikwa kwenye mapokezi ya mbele, ambako wafanyakazi hawakuwahi kukanyaga kwa kuwa wao huingia kwa geti la nyuma. Sanduku la maoni pia lilikuwepo, chini ya kamera, kando ya mlango wa ofisi ya waajiri. Siku lilipofunguliwa lilikutwa na karatasi ya mkate na meno ya bandia ambayo mpaka leo hayajapata mwenyewe.

Basi ikasikika kwamba wanunuzi wa ng'ambo wanatuma mkaguzi aje kuona kama watu wanatendewa haki. Kiwanda kikashikwa na homa ya harusi. Sabuni ikaonekana vyooni. Glavu mpya zikagawiwa, na kila mtu akaambiwa azirudishe jioni zikiwa safi. Maua yakaletwa kwa pikapu. Na msimamizi wa mkanda, Gachanja, mtu wa kalamu mbili mfukoni ambaye hajawahi kuandika kwa yoyote kati yao, akamwita Wakonyo pembeni.

"Mama Karanja, wewe unajua kuongea na wageni," alisema. "Huyo mkaguzi akitaka mtu wa kuuliza, nitakutoa wewe. Mwambie tuko sawa."

"Na akiniuliza mambo ya choo?"

"Choo mtu anaenda saa yoyote anataka. Hata hicho kibao nakitoa." Kisha akashusha sauti. "Ukiongea vizuri, jina lako ndiyo ya kwanza kwa wale wataandikwa permanent."

Wakonyo alikubali. Sitamtetea wala sitamlaumu. Mwenye kiuno kinachouma na kandarasi ya miezi mitatu na ajiweke mahali pake. Jumapili nzima alifua nguo huku akijizoeza sifa za kampuni, na zilikuwa sifa tamu kiasi kwamba mwenyewe alitamani kuajiriwa huko.

Siku ya ukaguzi kulikuwa na manyunyu. Mkaguzi akaja, mwanamke wa makamo aliyejifunga hijabu, jina lake Hayat, mkononi mwavuli mkubwa wa buluu unaotiririka maji. Alitazama huku na huku pa kuuweka, akaona msumari mtupu kwenye nguzo, akautundika hapo. Kisha akapewa meza kando ya ukuta, akaanza kupekua mafaili.

Gachanja alikuwa ameondoa kibao kweli. Alichosahau ni kumwambia Odhiambo.

Tena siku hiyo, ili mgeni aone ukarimu, akina mama walikuwa wamepewa chai ya maziwa, kikombe kizima, na anayetaka kuongezwa akaongezwa. Chai ya bure watu wa Thika hawaiachi ipoe. Kufikia saa nne mkanda mzima ulikuwa unahamahama kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Mum, kibao kimeenda wapi?" alinong'ona Mourine, msichana anayesimama kando ya Wakonyo.

"Leo hakuna. Gachanja amekitoa. Mtu anaenda tu."

"Hivi hivi, bila kitu kwa mkono?"

"Hivi hivi."

"Si uanze wewe."

Wakonyo alinyoosha shingo akamwona Odhiambo mlangoni na kitabu chake. Akatazama msumari. Hakuwaza jambo lolote, ataapa hivyo hata kanisani. Miaka minne mkono wake ulikuwa umejifunza kwamba safari hiyo huanza kwa kushika kitu kwenye nguzo ile, na kitu kilikuwepo. Akautoa mwavuli, akapita mbele ya Odhiambo. Odhiambo, ambaye kwa miaka mingi aliangalia mikono tu na si nyuso, aliona mkono umeshika kitu, akaitikia kwa kichwa. Wakonyo akaenda, akarudi, akautundika.

Mourine akauchukua. Aliyefuata akangoja urudi, naye akauchukua. Hakuna aliyecheka wala kukonyeza mwenzake. Wote walikuwa wakifuata utaratibu, na siku hiyo utaratibu ulikuwa na kitambaa cha buluu.

Mara ya kwanza Hayat alipouona mwavuli wake ukitoka nje alidhani unaibwa, akainuka nusu. Ukarudi. Akaketi. Ukatoka tena. Mvua ilikuwa imekatika zamani na jua linawaka. Akageuza faili, akaanza kupiga vijistari nyuma ya karatasi, kimoja kwa kila safari. Kufikia chakula cha mchana vilikuwa kumi na vinne.

Alasiri akaomba kuongea na mfanyakazi mmoja. Gachanja akamleta Wakonyo kantini, akavuta kiti chake pia. Hayat akamwomba kwa upole atoke. Akatoka, akaenda kusimama nje ya dirisha, akijifanya anatafuta mtandao wa simu.

"Mama, habari ya kazi?" alianza Hayat. "Nina swali moja tu. Choo chenu kinavuja?"

"La, kiko na mabati poa kabisa."

"Sasa mwavuli wangu umeenda kufanya nini huko mara kumi na nne?"

Sifa zote alizozifua pamoja na nguo zikamtoroka Wakonyo. Akafanya alichozoea kufanya mbele ya watu wa heshima: akaanza mbali. Akasema mvua ya mwaka huu imekuja vizuri, huko kwao Gatanga maharagwe yametoa maua. Akaulizia wazazi wa Hayat kama wako na nguvu. Akafika kwa ng'ombe.

Hayat akafunga kalamu, akajiegemeza. "Mama, mimi nimelelewa hapa hapa Thika, Majengo. Ruracio za majirani nimekula nyingi. Najua tukiwa kwa ng'ombe bado tuko mbali. Nitangoja."

Hapo Wakonyo akajua kwamba amepatikana. Kupitia dirishani alimwona Gachanja, na mfukoni mwa Gachanja, juu ya zile kalamu, aliona kabisa jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha ya walioandikwa. Alilitaka jina lile likae pale. Alilitaka sana, na aliogopa, na kiuno kilikuwa kinamuuma kwa sababu, chai au si chai, hakuwa ameongeza kikombe cha pili.

"Kuna kondoo wetu amepotea," alisema pole pole.

"Kondoo gani huyo?"

"Ni wa mbao. Ako na tundu. Analala kwa ule msumari uliweka mwavuli yako." Akataka kuendelea na fumbo, akaliacha, na maneno yaliyotoka yalikuwa matupu kuliko yote aliyowahi kusema mbele ya mgeni. "Mimi nimezaa watu watatu. Niko na mjukuu. Nikisimama kwa harusi watu mia nne wananyamaza wanisikize. Lakini hapa siwezi kwenda kukojoa bila kubeba ubao. Tuko arobaini na ubao ni mmoja. Tumeacha kukunywa maji. Nimeona aibu kukwambia, lakini ni aibu zaidi kuubeba."

Hayat hakuandika kwanza. Aliyatazama mabega ya mama yule, kisha akaifungua kalamu.

Wakonyo alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba amejifukuzisha kazi. Wiki tatu aliishi hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie Landless, majirani walikaa jioni nzima bila kupata habari yoyote kutoka kwake, na wawili walikuja kuuliza kama kuna aliyefariki.

Kumbe ripoti ilikuwa imefika kwa wanunuzi, nao hawakufanya lile ambalo kila mtu aliogopa, la kuchukua oda zao na kuhamia kwingine wakaacha akina mama bila kazi. Walisema wataendelea kununua, ila kwanza akina mama waulizwe wanataka nini kirekebishwe, na waulizwe wao, si msimamizi wao. Iliandikwa pia kwamba aliyesema ukweli asiguswe. Basi wakaulizwa. Vibao vikakusanywa. Vyoo vinne vikajengwa, kiwanda kikatoa nusu na wanunuzi nusu. Mtungi wa maji ya kunywa ukawekwa kando ya kila mkanda. Sanduku la maoni likahamishiwa chumba cha kubadilishia nguo, na funguo zikashikwa na wanawake watatu waliochaguliwa kwa kuinua mikono.

Wengine walitaka Gachanja afutwe. Walio wengi wakakataa. Wakaomba asimame kwenye mkanda wiki mbili, achambue njugu, na apewe chai kama walivyopewa wao. Siku ya tatu alionekana akitembea kasi isiyolingana na cheo chake. Tangu hapo kutwa mara mbili huja kuuliza kama maji yameisha kwenye mtungi.

Mwisho wa mwezi Wakonyo akaitwa kwa meneja, Bwana Kimanzi. Alijua ni nini. Alijifunga leso vizuri, akawaaga wenzake kama anayesafiri.

Kimanzi hakuwa mtu mbaya. Alimpa mkono, akamshukuru, akasema miaka sita amekaa ofisini humo na hakuwahi kukiona hicho kibao kwa macho yake. Kisha akasukuma karatasi mezani na kalamu juu yake. "Kandarasi yako, mama. Hakuna mtu amekuguza. Weka sahihi urudi kazini."

Wakonyo aliisoma akiwa amesimama. Miezi mitatu. Furaha ilimpanda kwanza, kwa maana kazi ilikuwa bado yake. Kisha furaha ikasimama njiani.

"Meneja, hii ni ya ngapi?"

"Ya ngapi namna gani?"

"Nimeweka sahihi mara kumi na sita. Hii ni ya kumi na saba. Mtu wa miezi mitatu anakaaje miaka minne?"

Kimanzi akakuna kidevu. "Hiyo mambo haikuwa kwa ripoti."

"Haikuwa, kwa sababu yule mkaguzi hakuniuliza na mimi sikusema. Lakini sasa wewe uko hapa, na mimi niko hapa."

Hakuna mtu wa mkandani aliyewahi kukaa katika ofisi ile. Wakonyo akavuta kiti kilichokuwa mbele ya meza, akaketi, akairudisha ile karatasi katikati bila sahihi. Kimanzi akautazama mlango, akaitazama karatasi, kisha akafunga kompyuta yake, akamgeukia amsikilize.