Mgiriki Tuliyemfanya Mwarabu Wetu

"Si kweli, kaka! Hajapotea njia akaingia kwenye kamera. Ile ndo kazi yake!"

Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwetu Bawshar, tunatazama filamu ya zamani ya Kimarekani. Nilikuwa namjibu kaka, aliyekuwa anamcheka mwigizaji mmoja mzee mwenye nyusi nene, anayetokea kidogo kisha anauliwa. Kwetu mzee huyo tunamwita ami, kama ndugu wa baba. Bibi alishaamua zamani kuwa ni Mwarabu, tena wa kwetu, kwa sababu kila filamu anayomwona yeye ni sheikh au muuza mazulia. Akitoa salamu, bibi humjibu kabisa: "Wa alaykum salaam, baba."

Mimi sina subira, nikachukua simu nimtafute. Lahaula! Mgiriki. Kazaliwa Marekani, baba yake fundi viatu. Alianza kwa kusoma hali ya hewa redioni. Miaka arubaini kaigiza Mturuki, Mtaliana, Mmeksiko, na sisi. Hata siku moja hajawa nyota wa filamu.

"Mgiriki?" bibi akashika kifua. "Na dua zote nnazomuombea!"

Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Basi zishafika huko huko," bibi akasema. "Nnampenda vile vile. Yule kijana mzuri wa mbele nnamsahau kabla chai haijapoa. Huyu nnamngoja."

"Umeona?" nikamwambia kaka. "Kidogo chake kinatosha!"

Kaka akanigeukia taratibu, anatabasamu. "Ehe. Na nani juzi kamwachia mwalimu karatasi za mchezo mezani, kisa kapewa sehemu ya jirani badala ya bi harusi?"

Kweli, nilikuwa nimeondoka kwenye mazoezi ya mchezo wetu wa kuigiza kule Ghubra kwa hasira, hata kwaheri sikusema. Na mwalimu alituma ujumbe: asiponiona Jumamosi saa nne asubuhi, sehemu hiyo anampa mwengine.

"Jirani gani huyo?" bibi akauliza.

"Anakuja kuazima sufuria, bibi, anaona bi harusi analia, anarudi kwao kutangaza."

"Aa, namjua huyo! Mbona ndo mtamu!"

Nikaamua pale pale. Asubuhi nitamwamsha kaka anipeleke Ghubra, acha anicheke njia nzima. Nitamuomba mwalimu radhi mbele ya wenzangu, kisha nitaomba sufuria, niianze kazi.