Nilienda Ilembo kutafuta mbuzi wa shangazi, nusura nirudi na mchumba

Wakuu, heshima kwenu wote. Wakubwa, shikamooni.

Hii ninayosimulia sio chai. Anayetaka ushahidi, mbuzi mwenyewe yupo hai, hapa ninapoandika namsikia anakwaruza mlango.

Naishi Mpanda mjini, Nsemulwa, kwa shangazi yangu, dada yake baba. Form four masomo mengi nilifaulu, ila Kiswahili kikaniangusha. Nikarudia kama private candidate, kikaniangusha tena. Na chuo ninachokitaka hawapokei mtu bila hilo somo.

Mtaani watu hawaelewi unafelije Kiswahili wakati ndicho unachoongea. Wakuu, insha naandika, sarufi naiweza. Tatizo langu lilikuwa ufahamu na fasihi, hasa tamathali za semi.

Nikisoma "Juma ni simba wa kijiji", akili inaniambia wanakijiji wako hatarini. Kuna mtihani nilijibu kabisa kwamba wampigie simu askari wa wanyamapori. Kwa sisi wa Katavi hilo ni jibu la maana, lakini nilipewa sifuri.

Baba, ambaye yuko Kabungu, akanipigia simu. Akasema nikifeli safari hii nirudi tukalime mahindi, habari za chuo ziishe. Hakuwa anatania.

Basi nikaanza tuisheni kwa Madam Skola, mama mmoja mpole wa hapa hapa Nsemulwa. Akapitia majibu yangu yote, akavua miwani, akanipa dawa.

"Mwanangu, kila sentensi jiulize, hiki kinachosemwa ndicho kinachomaanishwa?"

Hiyo dawa niliinywa kupita kiasi. Jirani akisema mvua inakuja, mimi natafuta tashihisi, maana mvua haina miguu. Padri akisema tusimame, nawaza anamaanisha kiimani, nabaki nimekaa peke yangu. Fundi akaniambia betri ya simu imekufa, nikampongeza kwa tamathali yake.

Sasa Jumapili moja natoka kanisani, nimevaa koti la suti kwa sababu kwaya yetu ilikuwa na zamu. Nafika nyumbani, shangazi yuko mlangoni ameshika kipande cha kamba. Akasema mbuzi amepotea.

Shangazi ana mbuzi mmoja tu, jike, na anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Mtu wa kawaida angetoka mbio. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa, nikamuuliza kwa utulivu mbuzi hapo anawakilisha nini.

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka koti.

"Kumbe nyumba hii ina mbuzi wawili."

Nikamuuliza wa pili yuko wapi. Akaniambia niondoke mbele yake kabla hajanichapa na ile kamba, na nisirudi bila mnyama.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo kwato zilionekana vizuri kwenye tope. Nikazifuata mpaka Ilembo. Zikakatiza shamba la mtu, zikaingia kwenye uwanja wa nyumba moja, umefagiliwa, viti vimepangwa, harufu ya pilau unaipata ukiwa bado barabarani. Wazee wamekaa pale, nao wamevaa makoti.

Nikawaamkia kwa adabu, nikawaambia ukweli mtupu.

"Wazee wangu, tumepotelewa na mbuzi wetu. Nimefuata nyayo, zimeishia hapa kwenu."

Ndani wanawake wakapiga vigelegele.

Nilishangaa kidogo, nikajisemea labda watu wa Ilembo wanapenda sana mifugo. Nikapewa kiti, nikapewa soda ya baridi.

Mzee mwenye nyumba akauliza huyo mbuzi yukoje. Nikasema ni jike, ana weusi wa kung'aa, macho makubwa, na akikataa jambo hasogei hata umvute vipi. Wazee wakatazamana wakacheka, mmoja akasema huyo ni wa hapa hapa. Nikaongeza kwamba ana tabia ya kutoroka na kuingia kwenye nyumba za watu. Kicheko kikapungua.

Nikaona niwatoe wasiwasi. Nikasema pamoja na hayo ni mbuzi mzuri, ameshazaa mara mbili, na mara ya mwisho alileta mapacha.

Ndani sufuria likaanguka. Mzee akainuka polepole, akageukia mlangoni.

"Adela, njoo hapa. Hao watoto uliwazaa lini?"

Akatoka binti mrefu, amevaa kitenge kipya, analia, anaapa hajawahi kuniona.

Hapo ndipo kichwa kikafunguka. Makoti, pilau, vigelegele. Siku hiyo walikuwa wanasubiri washenga, na mbuzi waliyekuwa wakimzungumzia ni Adela. Kwa mara ya kwanza maishani nimeitambua sitiari mwenyewe, bila Madam, tena nikiwa nimekaa katikati yake nakunywa soda. Nilifurahi kutoka moyoni, nikatabasamu.

Kutabasamu muda ule lilikuwa kosa. Mzee alishika fimbo.

Aliyeniokoa ni mbuzi. Alilia nyuma ya jiko, akajitokeza na matembele ya watu mdomoni, kamba iliyokatika inaning'inia shingoni.

"Ni huyo, mzee," nikasema. "Mimi mbuzi wangu ni mbuzi."

Walikuwa bado wanacheka washenga wenyewe walipoingia. Kiongozi wao akakohoa, akaweka koti sawa, akaanza kwamba wamepotelewa na mbuzi. Mzee wa watu alikuwa amechoka, akamkatisha.

"Wa miguu mingapi?"

Mshenga akababaika, akasema miwili. Akaambiwa basi akae.

Posa ilipita salama. Mimi nilirudi Nsemulwa na mnyama mkono mmoja, sahani ya pilau mkono mwingine.

Mtihani ulipofika, kwenye ufahamu kulikuwa na mzee anayesema nyumbani kwake kumeingia nyoka. Zamani ningeandika watafute fimbo. Safari hii nikarudi juu ya kifungu, nikaangalia anasema nani, anamwambia nani, na walikuwa wamekutana kwa ajili gani. Hilo ndilo somo langu wakuu, nawaachia bure. Neno peke yake halisemi kitu, tazama kwanza viti vimepangwaje na jikoni kunapikwa nini.

Matokeo yametoka, nimefaulu. Baba nilimwambia kwa simu, akasema mahindi atalima mwenyewe.

Shangazi nilimkuta uani anamfunga mbuzi kamba mpya. Nikamwonyesha kwenye simu. Akafuta mikono, akasoma, akakaza fundo lake.

"Basi sasa nimebaki na mbuzi mmoja."

Safari hii sikuuliza wa pili kaenda wapi. Niliingia ndani, machozi yakanitoka kwa furaha.

Uwanja ni wenu wakuu. Mwenye kunitania anitanie, siku hizi naelewa.