Muuza Mikate Asiyekuchagulia

Muuza mikate wa mtaani kwetu hapa Paris hakuchagulii mkate ng'o. Huweka mikono yake yenye unga juu ya kaunta na kuuliza: "Ulioiva sana au mweupe, usiokauka moto?" Ukijibu "wowote tu," foleni nzima inaguna, maana hatasogea. Shuleni sote tulisomeshwa wale waandishi wetu wa Kifaransa waliosema mtu hujiumba kwa anayoyachagua. Sisi tulifaulu mtihani wa falsafa tukasahau, yeye akafungua duka. Jana alikuja mzee Lescure, aliyefiwa na mkewe Odile majuzi.

"Wowote, binti yangu. Odile alipenda mweupe."

"Odile nilimjua, mzee wangu. Nakuuliza wewe."

Tukangoja, na safari hii hakuna aliyeguna. Mzee akakohoa.

"Ulioiva sana," akasema taratibu, kama anayeungama. "Miaka arobaini nautamani."